Asiyehesabu Hapotezi Kitu

Vijana wangu wa lindo, mliniomba niwaandikie namna ya kufaulu ule mtihani wa hoja, kwa sababu mwaka huu unarudi tena na mmesikia mimi niliupita. Nitaandika. Ila mimi ni mtu wa darasa la saba, siwezi kuwapa kanuni zikiwa uchi kama ndizi iliyomenywa. Nitawapa na maganda yake, yaani namna zilivyonifikia. Na nitataja majina. Walionitaja mimi hawakunionea haya.

Kwanza niseme hivi: nimelala vizuri. Tangu nirudishe rungu, filimbi na lile koti la mvua lenye harufu ya mbuzi, nalala mpaka jua linanikuta, na hakuna mtu duniani anayehitaji kujua nilikuwa wapi jana. Hamjui utamu wa jambo hilo. Mtaujua mkistaafu.

Nilianza kazi Igawa, kwenye ghala la mpunga kando ya barabara kuu. Siku ya kwanza nilivaa buti za mwanamume aliyeacha kazi, nikajaza matambara mbele ili zisinitoke. Aliyenipokea alikuwa Mzee Ngole, Msangu mfupi, mlinzi wa siku nyingi. Akanitazama kuanzia buti kwenda juu.

"Unaitwa nani?"

"Atupele, baba."

"Mnyakyusa. Unajua kuhesabu?"

"Najua."

"Wote wanajua. Nauliza kama unahesabu."

Nilidhani ananitania. Alikuwa ananipa kazi yote kwa neno moja, nikachelewa kulielewa.

Pale ghalani, walinzi wa zamu moja wakiondoka na wa nyingine wakiingia, tunakabidhiana lindo. Sheria ni kwamba anayeingia ahesabu magunia pamoja na mtunza stoo, halafu aseme kwa sauti: nimepokea kadha wa kadha. Wengi walisimama mlangoni, wakahesabu magunia ya mbele kwa upana na urefu, wakazidisha kichwani, wakasema nimepokea. Mzee Ngole alinipandisha juu ya lundo.

"Vua buti. Tembea. Lundo zima linanyamaza. Lundo bovu linahema."

Nikatembea na soksi. Lilinyamaza. Akanionyesha na uzi. Mwenye mpunga alikuwa na desturi ya kubadilisha rangi ya uzi wa kushonea magunia kila msimu, mwaka huu mwekundu, mwaka ujao wa kijani, ili mpunga wa zamani utoke kwanza usije ukaliwa na wadudu. "Gunia halisemi uongo," Mzee Ngole alisema, "kwa sababu halina mshahara wa kulinda." Mungu amrehemu. Alikufa kabla ya kuona mambo yangu, na labda ni heri.

Kwa hiyo mimi nikawa mtu wa kuhesabu. Kila nikiingia zamu napanda juu, natembea, nashuka, nahesabu nyuma na pembeni. Likikosekana gunia, nasema limekosekana. Nilisema mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mtunza stoo alikuwa Benson Mwaluvanda, mwanamume mwenye sauti laini anayesali kwa macho wazi. Kila nikisema alikunja uso kwa huzuni na kusema, "Ajabu sana, dada Atupele. Zamu nyingine mbona hakuna shida?"

Hapo ndipo msimamizi wetu wa kanda, Eliya Kaduma, alipokuja na pikipiki kutoka Mbeya kufanya uchunguzi. Uchunguzi wake ulichukua muda wa kunywa soda. Akatuita wote mbele ya ghala.

"Upungufu wote umetokea kwenye zamu za nani?"

Wakanitazama mimi.

"Zamu za Adamu kuna upungufu? Hakuna. Zamu za Tito? Hakuna. Zamu za Atupele? Upo. Kila mara upo. Sasa mimi niseme nini zaidi? Hata mtoto mchanga anaona."

Nikasema, "Bosi, mimi ndiye niliyesema magunia hayapo. Mwizi anajitangaza?"

"Wewe ni mjanja. Mwizi mjanja hujitangaza."

Basi. Ukijitangaza wewe mwizi, usipojitangaza wewe mwizi. Nilijua kuna mahali yale maneno yametoboka, lakini sikujua pa kuingiza kidole. Nililia, nikasema naapa kwa mama yangu, na kulia na kuapa si jibu. Kaduma hakunifukuza kwa sababu hakuwa na ushahidi wa polisi. Alinihamishia Iringa, na kwenye faili langu akaweka neno moja: anashukiwa. Neno hilo lilinifuata kama kupe.

Baada ya mwezi akapita Iringa, akanikuta lindoni, akasema mbele ya watu, "Unaona? Tulipokuondoa Igawa, upungufu umekwisha. Halijapotea hata gunia moja."

Nami, Mungu anisamehe, nusura niamini mimi mwenyewe kuwa ni mwizi.

Iringa nilipangiwa kulinda duka la vitambaa katikati ya mji. Mwenye duka alikuwa mjane, Mama Zarina, Mhindi Mwislamu aliyezaliwa palepale Iringa na anayesalimia kwa Kihehe, "kamwene", vizuri kuliko Wahehe wengi. Binti yake Zarina alikuwa amefanya mitihani fulani ya kuingia chuo nje ya nchi, na alipoondoka aliacha vitabu vya mazoezi. Vyote hoja tupu: maneno mafupi ya mtu anayedai jambo, halafu unaulizwa, kasoro yake ni ipi, na majibu matano ya kuchagua. Mama Zarina alivisoma dukani kama wengine wanavyosoma magazeti. Mchana wateja wakipungua alinitafsiria kwa Kiswahili, mimi nikiwa mlangoni na rungu, yeye nyuma ya meza na mkasi.

Hakuwa mwalimu mpole. Nikikosea alikuwa anagonga meza kwa ile fimbo ya kupimia vitambaa.

Siku moja mteja mmoja, mama mnene wa Kibena, aligombana naye juu ya kitenge. "Bei hii si ya kweli. Wewe Mhindi, Wahindi mnapenda faida!" Akatoka. Mama Zarina hakukasirika. Akanigeukia.

"Haya. Kasoro?"

"Amekutukana, Mama."

"Matusi najua. Kasoro ya hoja?"

"Amesema... amesema juu yako. Hajasema juu ya kitenge."

"Enhe! Mimi nimezaliwa Iringa, bei ya kitenge imezaliwa Dar. Angeuliza duka la pili wanauzaje, hiyo ndiyo hoja. Andika kichwani."

Nikaandika kichwani. Na ninyi andikeni: mtu akiacha jambo akamshika msemaji, kasoro ni hiyo, hata kama msemaji ni mbaya kweli. Mtihani una swali la namna hiyo kila mara, na kila mara mlinzi anakosea kwa sababu anamchukia msemaji.

Ndipo ofisi kuu ya kampuni yetu ya ulinzi ilipoununua ule mtihani. Walisema wateja wakubwa wanataka walinzi wanaofikiri. Kila mlinzi aufanye, atakayeshindwa mara mbili mkataba wake hauongezwi. Mimi nilikuwa nakaribia kule kwenye umri wa kustaafu kwa hiari. Nilichotaka maishani kilikuwa kimoja tu: kufika pale na kutoka kwa mlango wa mbele, bila neno la Kaduma mgongoni. Mlinzi akitoka na neno la wizi, kwao hata kanisani wanahamisha mikoba.

Jaribio la kwanza walitupeleka Igowole, kwenye kantini ya shamba la chai, walinzi wa Iringa na Mufindi pamoja. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, huoni hata miti ya nje. Swali la kwanza nalikumbuka mpaka leo: "Ukungu ukishuka, basi huchelewa. Leo basi limechelewa. Kwa hiyo leo kuna ukungu." Kasoro ni ipi?

Chumba kizima kiligeuka kutazama dirishani.

Mwanamume aliyekaa nyuma yangu, mlinzi wa kiwanda cha chai, alisema kwa sauti, "Sasa kasoro iko wapi? Si ukungu huo hapo!" Karibu wote tukachagua jibu la mwisho, hoja haina kasoro. Mimi pia. Nilisoma na Mama Zarina miezi mingapi, lakini ukungu nikauona kwa macho yangu, ningeukataaje? Maswali mengine tukayajibu vilevile, tukaanguka kama maembe.

Nilipomsimulia, Mama Zarina alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akagonga meza.

"Atupele, hawakuulizi kama ukungu upo. Wanauliza kama basi linathibitisha ukungu. Basi halichelewi kwa pancha? Halichelewi kwa dereva kulewa?"

"Linachelewa, Mama."

"Basi hoja imekufa, hata ukungu ukiwa mezani pako umekaa unakunywa chai."

Hili ndilo kubwa kuliko yote, vijana. Sisi walinzi tumefundishwa kuamini macho. Mtihani hautaki macho yako. Jambo linaweza kuwa kweli na hoja yake ikawa mbovu. Soma kwanza, tafuta "kwa hiyo" iko wapi, ipigie mstari. Hicho ndicho anachotaka kukuuzia. Halafu rudi nyuma uangalie amelipa nini. Ukiona "wengi" mwanzoni na "wote" mwishoni, mtu ameongeza uzito kwenye mizani. Ukiona majibu mawili yanafanana, chagua lile linalosema kitu ambacho mtu yule amekifanya kweli. Lile lingine huwa linamsingizia. Kusingiziwa nakujua, mniamini.

Jaribio la pili lilikuwa Mbeya, ofisini. Nikaenda taratibu, nikipiga mistari. Karibu na mwisho nikafika swali hili, nalieleza kwa maneno yangu: Kijiji kimoja kina mganga anayepima watu malaria kila wiki. Kijiji cha jirani hakina kipimo. Kijiji cha kwanza kimetoa taarifa ya wagonjwa wengi, cha pili hakuna. Kwa hiyo kijiji cha kwanza kina malaria nyingi kuliko cha pili.

Kalamu ikasimama. Nilisoma tena. Nikaona ghala. Nikaona Adamu na Tito wamesimama mlangoni wakizidisha kichwani, nikajiona mimi na soksi juu ya lundo. Jibu lilikuwa la tatu: mtoa hoja amechukulia kwamba kisichotafutwa hakipo.

Upungufu ulikuwa zamu zangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natafuta! Na uliisha nilipoondoka kwa sababu hakuna aliyetafuta tena. Nilifuta machozi kwa mkono wa shati, msimamizi wa chumba akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimepona.

Nilifaulu. Lakini kufaulu peke yake hakukutosha, maana kabla ya kuongezewa mkataba mlinzi alikaa mbele ya mkuu wa kazi, na faili lake mezani. Mkuu alikuwa Mama Chengula, mwanamke mkavu anayesikiliza kwa kutazama kucha zake. Pembeni alikaa Kaduma.

"Amefaulu," Kaduma alisema, "lakini kuna lile la Igawa. Zamu zake peke yake ndizo zilizokuwa na upungufu, na tangu aondoke hakuna kilichopotea. Mimi nashauri tumwache aende."

Nilikuwa nimejipangia hotuba. Ikanitoka yote. Nikasema tu, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa napanda juu ya lundo. Wenzangu walihesabu wakiwa mlangoni. Mtu apande juu, ndiyo ombi langu. Mtu apande tu."

"Kupanda kwa nini?" Kaduma akaruka. "Nimesema tangu aondoke hakuna kilichopotea!"

Mama Chengula akaacha kucha zake. "Nani amehesabu tangu aondoke?"

"Walinzi... wanapokea kila zamu, Mama."

"Wanapanda juu?"

Kaduma akatazama dari.

Mama Chengula alinigeukia. "Sikiliza, dada. Nitakwenda Igawa nikabomoe lundo la mteja, nitie hasara ya makuli, niaibike. Likiwa zima, unaondoka siku hiyohiyo, na maneno ya Kaduma nayaandika mimi kwa mkono wangu. Umekubali?"

Nilimjua Mwaluvanda, je, kama ameshajaza pengo la magunia? Je, kama aliacha zamani? Na mimi sikuwa nimeona chochote kwa miaka mitatu, nilikuwa na swali la malaria tu. Nikasema, "Nimekubali."

Tulikwenda kwa gari la ofisi. Njia nzima Kaduma alikuwa anapiga miayo kwa makusudi. Igawa palikuwa vilevile, wauza vitunguu barabarani, malori, vumbi. Mwaluvanda akatupokea kwa sauti yake laini. "Karibuni, karibuni. Dada Atupele! Siku nyingi."

Lundo lilikuwa limesimama, zuri, refu, kona zake zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Kaduma akatabasamu. Mama Chengula akasema, "Haya, nani anapanda?"

"Mimi," nikasema. Nikavua viatu.

Nilipanda polepole, si msichana tena. Nikatembea ukingoni. Lilinyamaza. Nikatembea hatua nyingine. Lilinyamaza. Chini nilimsikia Mwaluvanda anasema, "Mwangalieni asianguke, maskini." Nikaenda katikati.

Likahema.

Ni sauti ndogo, kama mzee anayekaa kwenye kiti. Nikasimama pale, nikainua mguu, nikashusha tena. Likahema tena. Nikakaa chini juu ya magunia, nikacheka. Nilicheka mpaka Mama Chengula akaita, "Atupele! Kuna nini?"

"Leteni makuli, Mama."

Makuli waliitwa kutoka barabarani. Walipoondoa safu ya juu walikuta mbao zimelazwa, na chini ya mbao shimo, kubwa, ungeweza kumfungia ng'ombe. Lundo lilikuwa kuta tu. Mwaluvanda na dereva wa lori la jirani, Samweli Mbilinyi, walikuwa wanalila kwa ndani kama mchwa. Hayo waliyasema wenyewe baadaye polisi, wakitupiana.

Lakini Kaduma, jamani. Kaduma alisimama kwenye ukingo wa lile shimo, akakuna shingo, akasema, "Sawa. Shimo lipo. Kwa hiyo Atupele alilichimba kabla hatujamhamisha, miaka mitatu iliyopita, ndiyo maana alijua lilipo."

Yaani nimefika hapa, na bado? Nilitafuta kasoro sikuipata, hasira zilikuwa zimenijaa kichwani. Ni kuli mmoja, kijana anaitwa Lusekelo ambaye sikuwahi kumwona, aliyekuwa amekalia gunia anapumzika, akavuta uzi wa lile gunia.

"Bosi, samahani. Uzi huu ni wa bluu."

"Na bluu ina nini?"

"Bluu ni ya msimu huu. Lundo zima bluu, mpaka chini. Siku dada huyu anahama Igawa, huu mpunga hata bibi yake alikuwa hajapandwa."

Makuli waliangua kicheko. Mama Chengula naye alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka. Nikamkumbuka Mzee Ngole na gunia lake lisilo na mshahara wa kulinda.

Neno likatolewa kwenye faili palepale ndani ya gari, kwa kalamu, nikiona kwa macho yangu. Mwaluvanda alifungwa. Mbilinyi alifungwa. Kaduma hakuiba, na nalisema hilo kwa taabu kama mtu anayemeza dawa bila maji. Kosa lake lilikuwa uvivu, na uvivu haufungwi. Adamu na Tito wakafundishwa kupanda malundo. Wiki ile ya kwanza ya kupanda, upungufu ukaonekana kwenye kila ghala la kanda, zamu zote, mpaka wateja wakadhani wezi wamevamia wilaya nzima ya Mbarali. Wezi walikuwepo siku zote. Kilichovamia ni kuhesabu.

Mama Zarina nilipompelekea habari, pamoja na lile swali la malaria na majibu yake, aliuliza swali moja tu: "La tatu?" Nikasema la tatu. Akakata kitenge, mita kamili na zaidi kidogo, akanitupia. "Hiyo zaidi ni kwa ajili ya kuli." Nilimshonea Lusekelo mfuko wa kubebea chakula.

Miaka iliyobaki nililinda kwa amani. Na ile siku ya kuniaga, Mbeya, mlikuwepo, mmekaa na sahani zenu za wali na kuku. Kaduma akasimama kutoa neno. Mnakumbuka alivyosema: "Ndugu zangu, mimi nisingemhamisha Atupele, asingefika Iringa. Asingefika Iringa, asingejifunza hoja. Asingejifunza hoja, wizi wa Igawa usingegunduliwa. Kwa hiyo aliyegundua ule wizi, kwa kweli, ni mimi."

Akakaa. Akapigiwa makofi na watu wawili watatu wa ofisini.

Ninyi wote mkanigeukia. Niliwaona, vijiko hewani, mnangoja Mama Atupele afungue kinywa, ataje na namba ya jibu. Na jibu nilikuwa nalo, lilikaa ulimini limeiva. Nikalisikia linataka kutoka. Halafu nikakumbuka kwamba rungu nimesharudisha, faili limefungwa, na kesho hakuna mtu atakayeniuliza zamu ilikuwa ya nani.

Nikamwambia aliyekaa kushoto kwangu anisogezee pilipili.

Kasoro ya Kaduma tafuteni wenyewe. Mtihani ni wenu sasa.